Nguo Nyeupe ya Mwalimu Funakoshi

Sare yangu ya kwanza ya karate ilikuwa na maandishi mgongoni. Niliishona mwenyewe mwaka 1984, Magomeni, kwa cherehani ya mjomba, kutokana na mifuko ya nguo iliyokuja na unga wa yanga, ule unga wa mahindi ya njano wa miaka ya shida ambao watu waliupa jina la timu kwa rangi yake. Niliichemsha mifuko ile, nikaianika, nikaichemsha tena kwa magadi. Herufi zilififia lakini hazikutoka. Kila nilipogeuka, waliosimama nyuma yangu walisoma uzito wa unga kwa ratili. Wakaniita Ratili, na wachache tuliobaki wa kundi lile wananiita hivyo mpaka leo.

Kitambaa wakati ule kilikuwa mali. Sare ya mtu mzima inakula yadi sita za marekani, na yadi sita za marekani ulizipata kwa foleni au kwa kujuana. Ndiyo maana mwalimu wetu hakumcheka mtu kwa nguo. Alikuwapo mwenzetu mmoja aliyefanya mazoezi mwaka mzima na suruali ya pajama ya babake, na mwingine mwenye kanzu iliyokatwa kiunoni.

Sasa nina miaka hamsini na kitu, mjomba ameshatangulia, cherehani imebaki kwangu. Nashona sare za shule, magauni ya kitchen party, na kila mwanzo wa likizo nashona nguo za karate za watoto. Kina mama wanaoleta watoto wao karibu wote husema neno moja: "Fundi, huyu nataka akashike adabu huko." Mimi nanyamaza, natoa futikamba, napima. Jibu langu ni refu kuliko muda wa kupima mtoto, na linaanzia kwa mzee mwingine aliyewahi kushona sare ya karate kwa mkono wake.

Mzee huyo ni Funakoshi Gichin, mwalimu wa shule kutoka Okinawa. Mwaka 1922 Wizara ya Elimu ya Japani iliandaa maonyesho ya michezo mjini Tokyo, naye akatumwa kwenda kuonyesha karate, ambayo kule bara la Japani wengi hawakuwa wameiona. Alikuwa na miaka 53. Baada ya maonyesho, Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, akamwalika aje kuonyesha katika ukumbi wake wa Kodokan. Hapo ikazuka shida ambayo fundi yeyote anaielewa: wageni wa heshima watakuja, na yeye hana cha kuvaa. Okinawa watu walifanya mazoezi na nguo za kila siku, au za ndani tu, kifua wazi. Gima Shinkin, kijana wa Kiokinawa aliyepanda naye jukwaani siku ile, alikuja kusimulia kwamba mwalimu alikwenda dukani mtaa wa Kanda, akanunua kitambaa cheupe, akakishona mwenyewe kwa sindano, kwa kufuatisha mkato wa nguo za judo. Mkanda mweusi wa Gima waliuazima palepale Kodokan.

Nimeifikiria sana sindano ile. Nguo ya judo ni nzito kwa sababu mtu anashikwa kola na kuvutwa. Karate haina kushikana kwa namna hiyo, kwa hiyo kitambaa chepesi kinatosha. Kinachohitaji akili ni msamba. Usipoweka pale kipande cha ziada cha umbo la almasi, teke la kwanza linaichana suruali mbele za watu. Sijui mwalimu Funakoshi aliutatuaje msamba wake. Ila vazi ambalo dunia nzima leo inadhani ni la kale, vazi la mababu, mwaka ule lilikuwa kitambaa cha dukani na bandi za mkono.

Na adabu ya karate, kwa ninavyoona mimi, ina umri karibu sawa na vazi lake.

Okinawa ilikuwa ufalme, Ufalme wa Ryukyu, mpaka mwaka 1879 Japani ilipoufuta na kumpeleka mfalme Sho Tai Tokyo. Kabla ya hapo ufundi wa kupigana kwa mikono ulikuwa wa watu wa tabaka la juu na watumishi wa ikulu, ukifundishwa uani, usiku, mwalimu mmoja na wanafunzi wawili watatu. Hata baadaye Funakoshi mwenyewe, mtoto aliyezaliwa dhaifu mwaka 1868, alikuwa akienda kwa mwalimu wake Azato gizani akiwa na taa mkononi, na kurudi alfajiri. Majirani walidhani anafuata wanawake. Hakukuwa na mkanda wala cheti, na hakuna aliyesimama mbele ya wazazi kuwaambia mtoto wao atakuwa raia mwema. Ulikuwa ni ufundi, kama ufundi wa kisu kwa mchinjaji. Anaweza kuwa mtu mzuri, anaweza kuwa shetani, na kisu ni kilekile.

Mfano ni Motobu Choki, aliyezaliwa mwaka 1870 katika ukoo wa kifalme. Kijana huyu alikuwa akishuka Tsuji, mtaa wa starehe wa Naha, kuchokoza watu ili apigane nao. Ndiyo ilikuwa maabara yake: ajaribu ngumi barabarani, kesho akarekebishe. Walimu wakubwa hawakumtaka. Lakini hakuna aliyethubutu kusema hajui karate. Akiwa na miaka zaidi ya 50 alipanda jukwaani Kyoto akamwangusha bondia wa kigeni, na mwaka 1925 jarida la King lilipoandika kisa hicho, picha waliyochora ilikuwa na sura ya Funakoshi. Steringi mmoja kapigana, sifa kapewa mwingine. Hawa wawili hawakupatana hadi mwisho, na kwa hili sioni sababu ya kumlaumu Motobu.

Aliyeibadili karate ikawa somo la tabia alikuwa karani. Itosu Anko, aliyezaliwa mwaka 1831, alifanya kazi ya uandishi katika serikali ya mfalme, na ufalme ulipokufa akabaki na ufundi wake na maswali yake. Mwaka 1901 karate iliingizwa katika mazoezi ya viungo ya shule ya msingi Shuri, na miaka michache baadaye ikafika sekondari na chuo cha ualimu. Itosu akatunga kata tano fupi za watoto, yaani mifululizo ya hatua na mapigo ya kukariri, akaziita Pinan, jina lenye maana ya amani na utulivu. Sehemu za hatari alizifunika: mkono uliokuwa wa kuvunja shingo ukawa zoezi la viungo, darasa zima likihesabu moja, mbili, tatu.

Oktoba 1908 aliandika barua yenye vipengele kumi kuwashawishi wakuu waieneze karate mashuleni kote. Mwalimu wetu alikuwa na nakala ya Kiingereza iliyopigwa fotokopi mpaka herufi zikavimba, akitusomea na kutafsiri papo hapo. Itosu anasema humo kwamba karate si ya kujifaidi mwenyewe tu, ni ya kulinda wazazi na wakubwa, na mtu akivamiwa ajitahidi asimuumize mwenzake. Anasema haiji haraka: ni mwendo wa ng'ombe, polepole lakini anafika maili elfu, saa moja au mbili kila siku, na baada ya miaka mitatu minne mwili unakuwa mwingine. Anataja idadi ya ngumi za kupiga kwenye makiwara, ule ubao uliofungwa kamba za majani: mia moja mpaka mia mbili kila mkono.

Lakini mna kipengele ambacho mwalimu alikuwa akikisoma haraka haraka na kupita. Itosu anasema watoto wakianza karate shule ya msingi watafaa sana jeshini. Anamtaja hata Wellington, jenerali wa Kiingereza aliyemshinda Napoleon, na ule msemo anaosifiwa nao kwamba ushindi ule ulianzia kwenye viwanja vya michezo vya shule. Mzee wa Okinawa, nchi iliyomezwa na Japani, anamtaja mkubwa wa Kiingereza ili awashawishi wakubwa wa Kijapani! Nilipokuwa kijana niliona ni ushamba. Sasa naona ni ujanja wa karani: alijua mkubwa anataka kusikia nini, na alitaka kitu chake kisife. Pamoja na hayo, tabia iliyoombwa ilikuwa na mwenyewe. Serikali ilitaka vijana watiifu wenye mifupa migumu, na miaka thelathini na kitu baadaye ilikuja kuwachukua.

Kwa hiyo nikiulizwa kama adabu imo ndani ya karate, najibu kifundi. Koti zuri lina bitana. Haikuota na kitambaa. Mtu ameikata, ameipiga bandi, ameishonea ndani, na koti bila hiyo bado ni koti. Itosu alikata, Kano akaonyesha mfano. Huyu Kano alikuwa mwalimu na mkuu wa chuo cha walimu Tokyo, na tangu mwaka 1882, alipoanza na wanafunzi wachache katika hekalu la Eishoji, alikuwa akisema judo ni elimu, si kuangushana tu. Mkanda mweusi ni wake, nguo nyeupe ni yake. Funakoshi akachukua vyote, akashona.

Wenzangu wa mtindo wetu, Goju-ryu, watauliza kwa nini namsifu mtu wa mtindo mwingine. Namsifu kwa sababu ya ufagio.

Baada ya maonyesho yale hakurudi nyumbani. Alibaki Tokyo bila pesa, katika bweni la wanafunzi wa Kiokinawa lililoitwa Meisei Juku, mke na watoto wamebaki kisiwani. Ili apate pa kulala alikuwa mlinzi wa bweni, mfagiaji wa vyumba na mtunza bustani. Mpishi alimfundisha karate ili ampunguzie bei ya chakula. Siku moja anafagia bustani, akaja mwandishi wa habari, akamuuliza babu mfagiaji: mwalimu Funakoshi wa karate yuko wapi? Funakoshi akamwambia ngoja kidogo, akakimbia chumbani, akavaa kimono, akatoka kwa mlango wa mbele na kujitambulisha. Anasema mwandishi alipigwa na butwaa. Kisa hiki amekisimulia mwenyewe, na ninachokipenda ni kwamba hakuificha haya yake. Hata yeye alijua ufagio na heshima havivaliwi siku moja.

Mwalimu wangu alijifunza kwa watu wa Zanaki. Wa Dar es Salaam wanajua nasema nini: katika ukumbi wa Shule ya Zanaki, Mmarekani mweusi Nantambu Camara Bomani alifungua miaka ya 1970 dojo ya Goju-ryu ya Okinawa, wakaiita Hekalu la Kujilinda. Ilikuwa miaka ambayo Wamarekani weusi walikuwa wakija Tanzania kutafuta nchi ya kwao. Mwaka 1974 mkutano wa sita wa Umajumui wa Afrika ulifanyika hapa Dar, pale Nkrumah Hall. Na ilikuwa miaka ya Bruce Lee. Vijana walitoka kwenye sinema za Avalon na Empire wanapiga mateke hewani mpaka Kariakoo. Kati ya sinema na ukumbi wa mazoezi, wengi walitaka cha sinema. Mimi pia.

Nilipokwenda kuandikishwa, mwalimu alinipa ufagio. Wiki tatu. Nafika saa kumi na moja jioni, nafagia ukumbi wa shule tuliokuwa tukiazima, kisha nalowesha kipande cha gunia, nakishika kwa mikono miwili sakafuni, makalio juu, nasukuma mbio toka ukuta hadi ukuta. Saruji ya zamani ina vishimo. Maji yanakaa humo, na mtu akiteleza wa kulaumiwa ni wewe. Wenzangu wakianza, nakaa pembeni natazama. Wiki ya nne nikapewa hatua ya kwanza ya kata ya Sanchin. Hatua moja! Mguu unakwenda kwa nusu duara, vidole ndani, magoti yamebana kana kwamba umeficha kuku kati ya mapaja, pumzi inatoka tumboni na sauti ya msumeno. Mwalimu anazunguka nyuma na kukupiga mabega kwa viganja, pa, aone kama umekaza. Sanchin ina hatua chache kiasi kwamba mtoto anaikariri kwa asubuhi moja. Sisi tuliifanya mwaka mzima kabla ya kufundishwa nyingine, na yeye alituambia tumepata bahati, maana Higaonna Kanryo, mwalimu wa zamani kule Naha, alikuwa akimweka mtu miaka mitatu.

Katika mwaka ule hakuna jambo la ajabu lililonitokea. Sikuona nuru. Nilichoshwa. Nilijifunza kuchoka na kurudi kesho yake, na ndicho ninachoweza kukitaja kwa uhakika kwamba nilikipata ukumbini. Cherehani nayo inataka hichohicho.

Mwaka 1986 nilikuwa na mkanda wa kijani, nikajiona steringi. Jioni moja, kituo cha basi cha Mapipa, Ikarusi imekuja imejaa, kijana mmoja akanivuta shati ili apande yeye. Nilimpiga ngumi moja ya mbavu. Ilikuwa ngumi safi, nakiri, nyonga imeingia yote. Alikaa chini, akawa anafungua mdomo na kufunga kama samaki. Alikuwa amebeba mkate na sukari kwenye kifurushi cha gazeti. Sukari ikamwagika yote barabarani, na sukari mwaka ule watu waliifolenia. Kilichofuata sikukitegemea: watu hawakunishangilia. Bibi mmoja akainama akaanza kuichota ile sukari na mchanga wake, anamrudishia. Basi likaondoka bila mimi.

Habari zilimfikia mwalimu kabla yangu. Hakunifokea. Aliniambia nivue mkanda niuweke mezani, nisimame mwisho wa mstari na wale wa jana, na kwa vile najua kushona, nitawashonea watoto sita sare, kitambaa atanipa yeye, mshono bure. "Shikamoo" yangu aliiitika kama kawaida, na hilo ndilo lililoniuma. Ilinichukua miezi mitatu, usiku, baada ya kazi za mjomba. Mmoja kati ya watoto wale alikuwa na mkono mmoja mfupi kuliko mwingine, nikamkatia mara mbili. Kijana wa sukari nilimtafuta Mapipa wiki kadhaa, sikumwona tena.

Baadaye sana ndipo niliposoma kisa cha Funakoshi mzee. Vita vimekwisha, Japani imeshindwa, ana umri wa karibu miaka 80, anarudi nyumbani usiku, na mtu akamvamia kumpora. Akainama, pigo likapita juu, akamshika mtu yule korodani na kumng'ang'ania mpaka polisi akatokea. Ukiwasimulia vijana hapa hucheka mpaka wanakaa chini. Mwenyewe hakucheka. Akiwa njiani kwenda kwake aliwaza kwamba yule lazima alikuwa askari aliyerudi vitani hana kitu, na kwamba yeye, mwalimu, ametenda kile alichowakataza wanafunzi maisha yake yote. Aliona aibu. Miaka zaidi ya 60 ya mazoezi, na bitana ikaachia kwa usiku mmoja, akakaa akaishona upya kwa kuandika.

Wapo ambao hawakushona. Aliyekuwa mbele yangu kwa mkanda, mwenye Sanchin nzuri kuliko sote, mgongo kama mlango, aliishia kulipwa na watu kwenda kuwapigia wadeni wao. Alifagia ukumbi uleule, akapigwa mabega na viganja vilevile. Nimejaribu kutafuta wapi mshono wake ulikosewa, sijapata.

Na yapo ambayo karate haikuweza kuyafanya lolote. Miyagi Chojun, aliyeupa mtindo wetu jina, alipoteza watoto watatu vita ilipopita Okinawa mwaka 1945, pamoja na Shinzato Jin'an, mwanafunzi aliyetarajiwa kumrithi. Watoto waliozoezwa mashuleni kwa miaka arobaini, kama Itosu alivyoahidi, walifaa jeshini kweli, wakafa. Miyagi akaanza tena kufundisha Naha, kwenye ua wa nyumba yake, vijana wachache, mawe ya kunyanyua, mitungi ya kushika kwa vidole. Alifariki mwaka 1953. Wanafunzi wake hakuwapa madaraja ya mkanda mweusi.

Hili la mwisho nilimwambia mama mmoja mwezi uliopita, aliyeuliza mwanawe atapata mkanda mweusi baada ya muda gani, na kama ninao tayari dukani. Mkanda mweusi naushona, mistari kumi ya mshono kwa urefu, uzi wa nailoni, unavunja sindano. Nikamwambia kuna mzee alifundisha maisha yake yote na hakugawa hata mmoja. Aliniangalia kama mtu anayetaka kubadilisha fundi.

Mtoto alikuwa na miaka saba, kimya, anachezea chaki zangu. Nikampima bega, mkono, kiuno, nikamwambia apige teke. Akaona haya, kisha akapiga, akaangusha boksi la vifungo. Vilitawanyika hadi chini ya meza ya kupigia pasi. Mama akaanza kugomba, mtoto tayari yuko chini anaokota, kimoja kimoja, vya shati peke yake na vya koti peke yake.

"Suruali nimwachie pindo la inchi ngapi?" nikamuuliza mama.

"Nne," akasema. "Anakua haraka huyu."

Nikaandika nne.